Bega la gitaa

Haya jamani, nimelimaliza gitaa langu la kuunda mwenyewe. Limetiwa nyuzi, linalia, na mpaka saivi hakijabanduka kitu. Limenila miezi 11, na ukiniuliza kwa nini miezi 11 wakati ami yangu anatoa kitanda kizima kwa siku nne, jibu langu ni moja tu, bega.

Nilitaka katawei. Kwa asojua, ni lile gitaa la boksi lenye bega moja limekatwa, upande wa nyuzi nyembamba, ili mkono ushuke mpaka freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, za mwisho kule karibu na tundu. Gitaa la kawaida shingo inakutana na mwili kwenye freti ya 14, ukitaka kupita hapo mkono unagonga bega. Mie nikataka nizifikie zote 20. Ami, ambae karakana yake ipo Mwanakwerekwe na ndo ninapojibanza jioni baada ya kazi, akaniangalia tu akasema, "Sasa wewe zima hujalijua vizuri, unataka la kukatwa?" Nkanyamaza.

Mbao nilipata kwa bahati. Uso wa gitaa unataka mti mwepesi wenye nyuzi zilonyooka, wenzetu Ulaya wanatumia spruce, jamii ya misonobari, na huku hauoti. Lakini kuna nyumba moja Mji Mkongwe walikuwa wanatupa piano kuukuu, mchwa washaila miguu na mbavu, ila ule ubao wake wa nyuma unaotoa sauti ulikuwa mzima, na ubao ule kwenye piano huwa ni spruce hiyohiyo. Nkaupakia kwenye gari ya ng'ombe mpaka karakana. Ulikuwa na unene wa kama milimita 8, nkaupiga randa pole pole mpaka ukashuka chini kidogo ya 3, kila baada ya muda naunyanyua naugonga kwa kidole gumba nasikiliza, mwanzo unalia ko kama meza, halafu siku moja ukalia mmmm, wallahi nywele zilinisimama. Nkaacha hapohapo.

Ubao wa kushikia freti ni mpingo, kipande nilichopewa na mchongaji mmoja wa vinyago alotoka bara. Mpingo ukiutia kwenye maji unazama kama jiwe, na patasi ya ami niliirudisha butu akaninunia siku mbili.

Sasa mbavu, zile kuta za pembeni. Nilichukua mkangazi, nikapasua vipande vya milimita 2 hivi. Kuzipinda unahitaji moto, basi nkachukua bomba la chuma la inchi 2, nkaliegemeza juu ya jiko la makaa, unalinyunyizia maji, vitone vikianza kurukaruka badala ya kutulia ujue limeshakuwa tayari, hapo unalowesha ubao unaulaza juu yake na kuubembeleza kwa mikono miwili mpaka usikie umelegea. Kiuno na tumbo vilikubali. Lakini kwenye bega la katawei ubao unatakiwa upinde kwa ndani, kona ndogo kuliko kikombe cha kahawa, na mkangazi nyuzi zake zinapishana, hazendi njia moja. Wa kwanza ta! Umepasuka. Wa pili nkaupunguza unene, nkauloweka usiku kucha, ta! Wa tatu nao ulikwenda kwa sababu nilikuwa na hasira, huo sihesabu. Nkabakiwa na kipande kimoja tu kirefu na kimasalio.

Ijumaa moja nlikuwa Nungwi kwa mambo mengine, nkapita pale wanapounda majahazi, nkamsimulia fundi mmoja wa makamo huku anapiga tezo. Hakusimama hata kidogo. Akasema, "Sisi taruma, mbavu za jahazi, hatulipindi yakhe, tunatafuta mti ulopinda wenyewe. Ubao ukikataa usiulazimishe, kata, uunge."

Kata, uunge! Njia nzima narudi na daladala nawaza hilo. Kumbe hata mafundi wa magitaa wana aina mbili za bega, la mviringo wanalinasibisha na mji wa Venice na la ncha wanalinasibisha na Florence, na hili la ncha ni vipande viwili vinakutana kwenye pembe kali, hakuna kona ya kuvunja moyo. Mie mwenyewe niliwahi kuyaona kwenye video, nkayadharau, nkaona la mviringo ndo zuri. Basi kile kimasalio kikatosha bega kamili, hakikubaki hata cha kuchokolea meno.

Mambo mengine niyapitishe haraka. Mgongo wa kwanza niliugundisha katikati ya masika, nkaupeleka ofisini kwenye eesi kumuonesha mtu, baada ya siku tatu umejikunja kama papa mkavu, mana mbao ilikuwa imejaa unyevu na eesi ikaunyonya. Wa pili nkasubiri kipupwe. Klempu sina, nlibania kwa vibanio vya nguo vya bi mkubwa na mipira ya baskeli ilokatwa nyembamba. Freti nlipiga hesabu kwa simu, urefu wa uzi milimita 648 unagawa kwa 17.817 unapata 36.37, hiyo ndo freti ya kwanza, kinachobaki unagawa tena, hivo hivo. Ila ukija kuchora pima zote kutokea mwanzo wa uzi, usipime freti kwa freti, vikosa vidogo vitajumlishana utalia.

Nyuzi zikikazwa zote sita zinavuta zaidi ya kilo 70. Usiku wa kwanza nililala nalo chumba kimoja nasubiri mlio wa kupasuka. Kimya.

Juzi nkampelekea mzee mmoja jirani yetu Kikwajuni, mpiga udi, ala isokuwa na freti, taarab ameipiga tangu sijazaliwa. Akatoa risha yake mwenyewe ya kupigia nyuzi mfukoni, akaanza. Mara anasimama anasugua uzi katikati ya freti mbili, anatikisa kichwa. "Hivi vyuma vyako vimenizibia sauti yangu mwanangu, ilikuwa inakaa hapa." Lakini akaendelea, kama nusu saa, na mie macho yangu yote kwenye mkono wake wa kushoto nasubiri ushuke kule bondeni kwenye bega langu. Haukupita freti ya tano.

Alipomaliza akaligeuza geuza, akapapasa ile ncha kwa kidole.

"Kazi nzuri mashaallah. Na hapa vipi, mbao ilikwisha?"