CJ bado ni bonge

Leo nasafisha stoo kwa bi mkubwa si nikakuta PS2 (PlayStation 2) yangu ya zamani, mashine ya kuchezea gemu, vumbi hatari, nikaichomeka kwenye ile TV ya chogo nikijua haiwaki.

Imewaka!!

Memori kadi ya MB 8 ipo pale pale na ndani kuna sevu ya GTA San Andreas, gemu la 2004 hilo jamani. Nikaifungua, CJ, yule jamaa unayemchezesha, huyoo mtaani kwao Grove Street, tumbo limetangulia.

Nimecheka mpaka machozi. Huo ubonge ni kazi ya mdogo wangu, ukimwachia pedi hafanyi misheni hata moja, yeye ni kumpeleka CJ kula kuku mpaka anatapika halafu anarudi tena kaunta.

Basi nikaanza upya nijaribu ile misheni ya kufukuza treni, mshkaji wa CJ anaitwa Big Smoke kapanda nyuma ya pikipiki anapiga risasi hovyo, nimefeli mara nne na lawama zote napewa mimi dereva 😂

Nikampiga picha CJ na tumbo lake nikamtumia dogo, siku hizi baba wa watoto wawili. Kajibu: "usimpeleke jimu"

Nyie mlikwama misheni gani?