Elephantine, nilikolipishwa mahekalu mawili

Kutoka gati la Aswan, mji wa kusini mwa Misri kando ya Nile, hadi kisiwa cha Elephantine ni mwendo wa dakika chache tu kwa kivuko. Mabishano ya nauli yalichukua muda mrefu kuliko safari yenyewe. Akina mama waliotoka sokoni na mifuko ya vitunguu walitoa vijisarafu vyao wakakaa. Mimi nikatajiwa bei ya mgeni. Nikajaribu Kinubi changu cha Kibera, nilichookota utotoni kwa majirani zetu wa Makina, mtaa wa Wanubi pale Kibera, Nairobi. Kwa kuwa Kinubi hicho ni mtoto wa lugha ya Kiarabu, nahodha alikifahamu nusunusu. Alicheka, akamwita mwenzake aje asikie, kisha akatoza bei ileile. Wakenya tumezoea kuwaona Wazungu wakilipa bei yao langoni pa mbuga huku sisi tukipita kwa vitambulisho. Kibao kikigeuka kinauma.

Habari za Cairo na treni naziruka, isipokuwa niseme kwamba kiti changu hakikulala usiku kucha, nami vilevile.

Nilikuwa nafuata habari za Wayahudi wa kale. Karne ya 5 KK kisiwa hiki kiliitwa Yeb, nacho kilikuwa kambi ya mpakani ya dola ya Uajemi, Nubia ikiwa upande wa pili. Baadhi ya askari wa kambi walikuwa Wayahudi, wakilipwa fedha na posho ya nafaka kwa jina la mfalme aliyekaa mbali sana. Walikuwa na hekalu la Mungu wao, waliyemwita Yahu, na humo walichinja na kuteketeza sadaka. Aliyesoma Kumbukumbu la Torati sura ya 12 atakunja uso: sadaka ni mahali pamoja tu, na mahali penyewe, ingawa sura haipataji, pameeleweka kuwa Yerusalemu.

Getini pa magofu nilikata tiketi (ya mgeni, naam) nikamuuliza mlinzi mmoja hekalu la Wayahudi liko wapi. Akasema hapa hapajawahi kuwa na Wayahudi. Nikatoa noti. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akanipeleka nyuma ya ukuta uliobomoka: "Yahudi." Palikuwa na mawe mawili na paka. Nilipoonyesha shaka akaniongoza hadi shimo jingine, akalitangaza kuwa hilo ndilo lenyewe hasa, akanyoosha kiganja upya. Mtu ambaye robo saa iliyopita hakuwa na Myahudi hata mmoja sasa ameniuzia mahekalu yao mawili! Nilimlipa la pili nusu bei, akaondoka akinuna kana kwamba mimi ndiye niliyemtapeli.

Mwishowe nilifungua ramani niliyoihifadhi kwenye simu nikatafuta mwenyewe. Ni vichochoro vyembamba vya matofali ya udongo, vyumba ambavyo ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili, na hapohapo, jirani kabisa, uwanja wa hekalu la Khnum, mungu wa Wamisri mwenye kichwa cha kondoo dume. Kondoo wake watakatifu walikaushwa na kuzikwa kwa heshima hapo kisiwani. Sasa fikiria Pasaka ya Wayahudi, ya kondoo wa kuchinjwa na kuokwa, inavyonuka kwa jirani wa namna hiyo.

Mwaka 410 KK makuhani wa Khnum walielewana na Vidranga, mkubwa wa Kiajemi wa pale, wakati Arsames, liwali wa Misri, amesafiri. Hekalu la Yahu likabomolewa: nguzo za mawe zikavunjwa, paa la mierezi likachomwa, mabakuli ya dhahabu na fedha yakachukuliwa. Tunayajua haya kwa sababu mkuu wa Wayahudi wa Yeb, Yedania, alikuwa mtu wa barua. Aliiandikia Yerusalemu kwa kuhani mkuu Yohanani, hakujibiwa. Mwaka 407 KK akamwandikia Bagohi, liwali wa Yuda, akaeleza kwamba wamevaa magunia, wanafunga, hawajipaki mafuta wala kunywa divai, na wake zao wamekuwa kama wajane. Akaongeza kwamba Kambisesi, mfalme wa Uajemi, alipoiteka Misri alilikuta hekalu hilo limesimama na hakuligusa. Hoja nzuri hiyo ukiwa unamwandikia ofisa wa Kiajemi. Rasimu mbili za barua zimebaki.

Ruhusa ilitoka: jengeni, toeni unga na uvumba. Sadaka za kuteketezwa hazikutajwa, na Yedania na wenzake nao waliahidi kwa maandishi kwamba kondoo, ng'ombe na mbuzi hawatachomwa hapo tena. Mimi naona kila aliyehusika aliambulia kitu: Khnum akapumua, Yerusalemu ikabaki peke yake na moshi wake, na askari wakapata nyumba yao ya ibada.

Ukitaka kuziona barua zenyewe, usiende kisiwani. Ziko Berlin na Cairo, na hati za nyumba na ndoa ya Anania, mtumishi wa hekalu aliyemwoa kijakazi wa Kimisri, ziko Brooklyn, Marekani. Tiketi yangu ilinunua kuta.

Wako wanaowaita watu wa Yeb waasi wa imani, maana Mibtahia, mwanamke wa Kiyahudi mwenye nyumba zake mwenyewe, aliapa mahakamani kwa jina la Sati, mungu wa kike wa pale. Sikubaliani nao. Mwaka 419 KK walikuwa wakipokea barua ya maelekezo ya siku za mikate isiyotiwa chachu. Dini yenyewe ilikuwa bado inapangwa, na mengine yalipitia kwenye ofisi za Waajemi.

Nikiwa nimekaa kwenye kivuli cha ukuta niliwawaza wazee wa Makina. Mababu zao walikuwa askari kutoka Sudan waliowatumikia Waingereza, wakaruhusiwa kukaa Kibera na dini yao na mapishi yao, bila hati. Waliandika barua vizazi na vizazi. Hati ya ekari 288 walikabidhiwa mwaka 2017. Yeb haikupata muda huo. Utawala wa Waajemi Misri uliporomoka, na baada ya mwaka 399 KK hatusikii tena barua yoyote ya Wayahudi wa kisiwa hicho. Nadhani wengi hawakwenda popote. Walikuwa na wake wa pale, nyumba, na kesi za mipaka ambazo hazijaisha. Waingereza waliondoka Kenya 1963, na watu wa Makina mpaka leo wapo.