Kitako cha Bunduki ya Mjomba

Nilipoichukua bunduki ya marisau iliyokuwa ya marehemu mjomba wangu, baada ya kupata cheti changu mwenyewe cha kumiliki silaha, niliamini kwamba kilichobaki ni kujifunza kulenga tu. Kwa miezi miwili nilivifyatulia visahani vya udongo vinavyorushwa hewani karibu na Njoro, na kila Jumapili nilirudi nyumbani nikiwa na bega lililovilia damu na shavu linalouma, ilhali visahani vingi vilianguka chini vikiwa vizima.

"Dada, umevaa koti la mjomba wako," kocha aliniambia.

Mjomba alikuwa mrefu, na mimi sifiki mita 1.6. Kwa kuwa bunduki ya aina hii haina alama ya kulengea upande wa nyuma, jicho la mpigaji ndilo linaloshika nafasi hiyo, na shavu lisipokaa mahali pamoja kila mara, hata mwenye mkono mtulivu hukosa shabaha. Mgongo wa kitako, yaani ukingo wa juu wa ile mbao inayoegemea begani, ulikuwa chini mno kwangu: nikilaza shavu naona chuma cha nyuma tu, nikiinua kichwa, kitako kinanigonga shavuni.

Tulianza na urefu. Tulihakikisha kwanza kwamba bunduki ni tupu, nikavaa jaketi ninalolitumia uwanjani, maana asubuhi za Njoro ni za baridi na unene wa nguo hubadilisha vipimo, kisha nikafumba macho na kuipandisha begani mara kumi. Karibu kila mara kitako kilikwama kwapani. Kutoka kwenye kifyatulio hadi mwisho wa kitako tulipata sentimita 37.5.

Hapo nilitaka msumeno mara moja, lakini kocha alikataa, na leo namshukuru, kwa sababu mbao iliyokatwa hairudi kirahisi. Tulishughulikia kwanza kimo cha mgongo wa kitako kwa vipande vya kadibodi vyenye unene wa milimita 1.5, tukavifunga kwa plasta. Nililaza shavu bila kulazimisha na kupiga karatasi kubwa iliyowekwa umbali wa mita 15. Marisau yalitua takriban sentimita 12 chini ya alama. Katika umbali huo, kila kipande kilipandisha mapigo kwa kadiri ya sentimita mbili na nusu, na cha tano kilipoongezwa tulifika kwenye alama. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima na risasi nyingi kuliko nilivyopanga, lakini ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Kukata nilimwachia fundi wa silaha mwenye leseni jijini Nairobi. Alipunguza kitako hadi sentimita 34.5, pamoja na mpira mpya mwishoni, na akarekebisha mshazari wake, kwani ncha ya chini ilikuwa ikinichoma kifuani, jambo ambalo naona mafundi waliozoea vifua vya wanaume hulisahau upesi. Mahali pa kadibodi aliweka pedi ya ngozi.

Sasa napiga raundi nzima ya visahani 25 bila bega kuuma. Kile kipande cha mbao nimekihifadhi kabatini, kwa maana binamu yangu ana kimo cha baba yake na tayari ameanza kuuliza habari za cheti.