Siku Moja Kariakoo na Filamu Isiyo na Stelingi

Saa 11 alfajiri nimeshasimika stendi ya kamera kwenye kibaraza cha duka ambalo bado limefungwa, Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Filamu ninayoitengeneza haina msimulizi, mahojiano wala kisa. Mtazamaji atauona mtaa wenyewe kuanzia alfajiri hadi usiku, kama mtengenezaji filamu Mjerumani Walter Ruttmann alivyoionesha Berlin katika filamu yake ya mwaka 1927, kwa kuanza na treni inayoingia jijini kabla watu hawajaamka. Treni sina, kwa hiyo naanza na basi la kwanza la mwendokasi.

Saa 2 asubuhi naishusha kamera hadi karibu iguse lami. Mikokoteni mingi ina kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa nyuma, ambacho mwenye mzigo hukikandamiza chini anapotaka kusimama, nacho huacha mstari mweusi barabarani. Ninaifuata mistari hiyo kwa zaidi ya saa nzima, kwa sababu katika filamu ya aina hii shoti huungwa kwa mwendo na umbo, mstari ukizaa mstari.

Saa 4 ninakunywa chai kwa mama lishe mmoja, na kumwomba ruhusa ya kurekodi moshi wa jiko lake. “Sawa mwanangu, lakini ngoja kwanza niyasugue masufuria,” ananijibu. Inanichukua muda kumshawishi kwamba masizi ndiyo ninayoyataka.

Mchana jua la utosi linafuta vivuli vyote, nami ninalala.

Saa 9 alasiri kijana anayeuza soksi anachungulia kioo cha kamera. “Kaka, stelingi ni nani?” Ninamwambia hakuna. Anatazama kidogo, anacheka, kisha anaendelea na biashara yake.

Saa 3 usiku ninahariri nyumbani. Leo mvua haikunyesha, nami ninaitaka. Joris Ivens alikusanya mvua za Amsterdam kwa miezi mingi, akazifanya zionekane kama manyunyu ya siku moja katika filamu yake fupi ya mwaka 1929, hivyo sioni dhambi kuingiza mvua niliyoirekodi mwezi wa Aprili. Tatizo ni mlango wa duka la pembeni: Aprili ulikuwa wa buluu, leo ni wa kijani. Ninaipunguza shoti hadi mlango utoke kabisa, na ninabakiwa na sekunde nne za maji yanayokimbilia mtaroni.