Upepo wa Berson: maputo ya mwaka 1908 juu ya Ziwa Victoria

Ukitaja utabiri wa hali ya hewa wa miaka ya 1900 mwanzoni, wengi wanamuona mtu na themometa yake ndani ya kisanduku cheupe, anasoma asubuhi, anasoma mchana, anasoma jioni, anaandika kwenye daftari, basi. Na kweli kazi hiyo ilikuwepo na bila yale madaftari tusingejua leo joto limepanda kiasi gani. Ila kwangu mimi jambo kubwa kuliko yote la zama zile lilikuwa ni kupima juu, yaani kujua kuna nini kilomita kumi, kumi na tano, ishirini juu ya vichwa vyetu, wakati ndege yenyewe ndo kwanza ndugu wawili wa Wright wanairusha 1903 mita chache kutoka ardhini. Na kipande kimoja muhimu sana cha hadithi hiyo kimetokea huku kwetu, Ziwa Victoria, mwaka 1908, na kinaumiza kidogo kuona hakisimuliwi mashuleni wala popote.

Lakini hauwezi kuelewa ya Ziwa Victoria bila kuanzia Ufaransa. Léon Teisserenc de Bort, mtaalamu wa hali ya hewa, alikuwa na hela zake, akajenga kituo chake mwenyewe Trappes, karibu na Paris, 1896, akawa anarusha maputo yasiyo na mtu ndani. Chini ya puto inaning'inia mashine ya kujiandikia yenyewe: kuna ngoma ndogo inayozungushwa na saa, imepakwa masizi, halafu kuna sindano zinakwaruza juu ya yale masizi, moja imeungwa kwenye kibati cha metali mbili kinachojikunja baridi ikizidi, nyingine imeungwa kwenye kikopo kilichoondolewa hewa ndani ambacho kinavimba kadiri presha ya nje inavyopungua. Huo ndo mchoro wenyewe, mistari myembamba kwenye masizi. Hamna redio. Kutuma vipimo kwa redio kutoka kwenye puto kumekuja baadaye kabisa, 1929 na 1930, kwa hiyo miaka yote hiyo puto likishapaa na mashine ikaanguka inakoangukia, shambani kwa mtu, juu ya mti, mtoni, wewe unakaa unasubiri mtu aiokote, asome kibandiko, airudishe apewe zawadi yake. Asipoirudisha imekula kwako. Na akiirudisha lakini amepitisha vidole kwenye masizi kuona ni kitu gani hiki, napo imekula kwako.

Sasa, kila mtu alijua ukipanda juu baridi inaongezeka, wastani nyuzi sita na nusu hivi kwa kila kilomita, na wataalamu wengi waliamini inaendelea hivyo hivyo hadi hewa inapoishia. Mashine za de Bort zikawa zinaleta jambo la ajabu: ikifika kama kilomita 11 joto linaacha kushuka. Linabaki palepale, saa nyingine linapanda kidogo. Wa kwanza kutia shaka alikuwa yeye mwenyewe, maana sababu ya kukosea ilikuwa wazi, puto likikaribia kilele chake linapunguza mwendo, hewa haipiti tena kwenye themometa, jua linaichoma, na wewe unasoma joto la chuma ukidhani ni joto la hewa. Kwa hiyo akaanza kurusha usiku. Akarusha tena. Akarusha tena. Alipokwenda mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa tarehe 28 Aprili 1902 alikuwa na maputo 236 nyuma yake, na hapo ndipo akasema bila wasiwasi kwamba juu kule kuna tabaka jingine kabisa. Siku tatu tu baadaye, mtaalamu wa Kijerumani Richard Assmann akasema jambo lilelile Berlin, na yeye alikuwa amefika kwa njia yake: maputo ya mpira, ambayo yanatanuka kadiri yanavyopanda na hayapunguzi mwendo mpaka yanapasuka, halafu parachuti inashusha mashine. Puto linapanda kasi muda wote, hewa inapita muda wote kwenye themometa, hila ya jua inakufa. Nikisoma hapo huwa nasimama kidogo, watu wawili, nchi mbili zisizopendana, kila mmoja ameziba tundu la makosa kwa namna yake, na jibu limekuwa moja. De Bort ndiye baadaye aliyeyapa matabaka hayo majina tunayoyatumia mpaka leo, troposfia chini na stratosfia juu.

Upande wa Assmann kulikuwa na mtu anaitwa Arthur Berson, na huyu ndo ninayemtaka. Tarehe 31 Julai 1901 Berson na mwenzake Reinhard Süring walipanda kwenye puto kubwa la haidrojeni kutoka Berlin, kapu liko wazi, wamevaa manguo mazito, wanavuta oksijeni kwa mpira mdomoni, wakaenda mpaka juu inakokadiriwa mita 10,800. Huko ni baridi ya kama nyuzi 40 chini ya sifuri na hewa ni robo tu ya ile ya chini. Süring akalala usingizi wa kukosa oksijeni, Berson akawahi kuvuta kamba ya vali ili puto lianze kushuka, naye akazimia. Walizinduka puto likiwa limeshashuka sana. Watu hukumbuka rekodi, lakini thamani yake mimi naiona kwingine: vipimo vilivyosomwa kwa macho ya binadamu viliwekwa pembeni ya vile vya mashine za maputo yasiyo na mtu, na vikawasaidia kuziamini zile mashine. Yaani walihatarisha roho kwa ajili ya kuhakiki themometa.

1905 Wajerumani wakafungua kituo kikubwa cha Lindenberg, kusini mashariki ya Berlin, Assmann akiwa mkuu wake. Walirusha maputo, walirusha na vishada, vishada kabisa, vimeungwa kwenye waya mmoja mrefu wa chuma na winchi chini, na mwaka 1919 walikifikisha kimoja mita 9,740. Swali lililobaki likawa hili: hilo tabaka la juu lipo Ulaya tu au dunia nzima? Na je, Ikweta? Baharini walishajaribu, de Bort na Mmarekani Rotch walipeleka meli ya Otaria kwenye Atlantiki ya joto kuanzia 1905. Barani Afrika akatumwa Berson, pamoja na Hermann Elias, mwaka 1908, wakaweka kambi ya kurushia maputo Ziwa Victoria, karibu kabisa na Ikweta.

Hapa lazima niseme, huo ulikuwa mwaka 1908 na nchi hiyo, Tanzania bara ya leo, ilikuwa koloni la Mjerumani, vita vya Maji Maji vilikuwa ndo kwanza vimezimwa mwaka uliotangulia kwa njaa na mauaji ya kutisha. Misafara ya aina hii ilitembea kwa mabega ya wapagazi. Ripoti ilipotoka 1910 ilibeba majina ya watafiti, na ndivyo inavyotajwa mpaka leo. Naipenda sana sayansi iliyotoka pale na bado siwezi kuisimulia bila kuiweka kwenye nchi na mwaka wake.

Matokeo ya kwanza yalihusu baridi. Juu ya Ziwa Victoria maputo yalipita kilomita 11 na baridi ikaendelea kuongezeka, 12, 13, 14, mpaka huko kilomita 16 na zaidi, na ikapita nyuzi 80 chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba hewa ya juu ya Ikweta, mahali penye joto kuliko pote huku chini, ina baridi kali kuliko ya urefu ule ule juu ya Ulaya. Inasikika kinyume lakini sababu yake inaeleweka vizuri: jua la Ikweta linapasha ardhi na maji, hewa yenye unyevu inapanda kwa nguvu kwenye yale mawingu marefu ya radi, na hewa inayopanda inatanuka na kupoa, kwa hiyo dari ya troposfia inasukumwa juu sana na safari ndefu ya kupanda ni safari ndefu ya kupoa. Ulaya dari iko chini, safari inaisha mapema. Juu ya dari ndipo ozoni inapoanza kazi ya kunyonya mionzi ya jua na joto linarudi taratibu.

Matokeo ya pili ni upepo, na hayo ndo yaliyonifanya niandike.

Upepo wa juu ulipimwa kwa kulifuata puto kwa theodolaiti, yaani darubini ya kupimia pembe. Mmoja jicho halitoki kwenye darubini, mwingine ameshika saa anaita kila dakika, wa tatu anaandika pembe mbili, ya mwelekeo na ya kwenda juu, na puto linazidi kuwa kidoa tu kwenye mwanga mkali mpaka macho yanatoka machozi. Ukijua linapanda kwa kasi gani, zile pembe zinakupa liko wapi, na tofauti ya dakika hadi dakika inakupa upepo. Wingu likiingia kati, umeishia hapo, ndo maana vipimo vya zama zile vingi ni vya siku za anga safi.

Wakati huo kila mtaalamu alikuwa na hakika kwamba juu ya Ikweta upepo unatoka mashariki. Volkano ya Krakatoa, huko Indonesia, ililipuka Agosti 1883 na vumbi lake likaizunguka dunia ukanda wa Ikweta kwa wiki mbili hivi, likielekea magharibi, watu wakaona machweo mekundu mji baada ya mji. Ushahidi mkubwa kiasi hicho nani anaubishia? Berson akaja na vipimo vinavyoonyesha upepo wa stratosfia unatoka magharibi. Angeweza kusema nimekosea, angeweza kuviweka pembeni. Aliviandika kama vilivyo.

Wenzake wakatafuta namna ya kuwapatanisha wote wawili, wakachora pepo mbili, wa Krakatoa juu zaidi na wa Berson chini yake, kila mmoja na ukanda wake wa kudumu. Vitabu vikafundisha hivyo karibu nusu karne. Vipimo vya Ikweta vilikuwa vichache mno kiasi kwamba mchoro wowote ungekubalika.

Mpaka 1960 na 1961, vipimo vya redio vya kila siku kutoka visiwa vya tropiki viliposhakusanyika miaka kadhaa mfululizo, Richard Reed wa Marekani na Ebdon wa Uingereza, kila mmoja kivyake, wakaona kwamba ni upepo mmoja unaogeuka. Kwa mwaka na kidogo unatoka mashariki, halafu unageuka unatoka magharibi, mzunguko mzima wastani miezi 28 hivi, na mgeuko unaanzia juu unashuka kama kilomita moja kwa mwezi. Krakatoa ilikuwa sahihi. Berson alikuwa sahihi. Walipima miaka tofauti, basi! Chanzo kilielezwa 1968 na Lindzen na Holton, kwamba ni mawimbi ya hewa yanayopanda kutoka chini yakibeba msukumo wa upepo na kuuachia juu kule, na leo hali ya mzunguko huu inaangaliwa na wanaotabiri majira kwa sababu unagusa hata baridi ya Ulaya. 2016 ulivurugika kwa mara ya kwanza tangu uanze kufuatiliwa kwa karibu, na wataalamu wakarudi tena mezani.

Maputo bado yanarushwa, dunia nzima kwa wakati mmoja, saa sita usiku na saa sita mchana za Greenwich, yaani saa tisa usiku na saa tisa alasiri za Afrika Mashariki, ila ukiangalia ramani ya vituo vinavyorusha, Ulaya imejaa nukta na Afrika ya Ikweta nukta zimetawanyika mno, baadhi hazirushi mara mbili kwa siku kwa sababu ya gharama ya gesi na vifaa. Ningependa sana kuona nukta zaidi kuzunguka lile ziwa, zikirushwa na watoto wa hapohapo na majina yao yakiandikwa juu ya ripoti.