Jumapili ya Chargers

Mwaka 2013 jiji zima la Philadelphia lilikuwa na swali moja. Ukipanda basi unalisikia, ukienda saluni kusuka unalisikia: ule mpira wa chuo wa Chip Kelly, kocha mpya wa Eagles, timu ya jiji, utaweza NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani? Mimi nilifika kule nikiwa na jibu langu tayari, kwa sababu nilitokea Eugene, jimbo la Oregon, nilikosoma miaka ileile Kelly alipokuwa kocha mkuu wa chuo chetu, Oregon. Katika misimu minne alishinda mechi 46, akapoteza 7.

Kwa asiyeujua mchezo huu: futiboli ya Kimarekani huchezwa kwa vipande. Shambulizi moja likiisha, timu hujikusanya duara, kwotabeki, yule mrusha mpira, anawapa wenzake mpango, halafu wanajipanga tena. Saa inawaruhusu sekunde 40, na timu nyingi huzitumia karibu zote. Kelly alilifuta lile duara. Wachezaji wake wakishaangushwa walinyanyuka na kujipanga papo hapo, wakitupia jicho pembeni mwa uwanja ambako wasaidizi walinyanyua mabango makubwa yenye picha za kila namna, kila picha na maana yake kwa walioifundishwa. Kabla timu pinzani haijabadilisha hata mchezaji mmoja, mpira ushachezwa. Mwaka 2010 Oregon walifunga wastani wa karibu pointi 47 kwa mechi. Pale Autzen, uwanja wa chuo chetu, nimewaona mabeki wa timu ngeni, majitu ya kilo mia na ushee, robo ya tatu haijaisha wameinama mikono magotini, wanamtazama mwamuzi kama wanaomba mvua. Niliupenda mpira ule na ninaupenda mpaka leo.

Nilikuwa nimefikia kwa mjomba, kaka yake mama, dereva wa basi aliyeingia Philadelphia mwaka 1979. Mjomba hakuwa na chuki na makocha wa vyuo. Kocha aliyemfundisha kuupenda mchezo huu alikuwa Dick Vermeil, naye aliletwa Eagles mwaka 1976 kutoka chuo cha UCLA, akiwa ametoka tu kushinda Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo. Timu aliikuta hoi, na Januari 1981 akaifikisha Super Bowl, fainali ya NFL, wakafungwa na Oakland 27 kwa 10. Mjomba alipenda kusimulia jinsi Vermeil alivyokuwa akilala ofisini. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba kocha wa chuo anaweza, alinijibu bila kupandisha sauti:

"Mwanangu, Vermeil alileta kazi. Huyu analeta mbio."

Jumatatu ya tarehe 9 Septemba Kelly alicheza mechi yake ya kwanza, ugenini dhidi ya Washington, tukaiangalia sebuleni. Nusu ya kwanza peke yake Eagles walianzisha mashambulizi 53. Mapema robo ya tatu ilishakuwa 33 kwa 7, mimi nimesimama juu ya zulia napiga makofi. Kisha Washington wakaanza kurudi, wakarudi, mechi ikaisha 33 kwa 27. Kesho yake watu walizungumzia yale 53. Mjomba alizungumzia zile pointi 20.

Jumapili iliyofuata, tarehe 15, San Diego Chargers walikuja Philadelphia, na mjomba alikuwa na tiketi mbili. Tulipanda treni ya chini ya ardhi ya Broad Street hadi kituo cha mwisho, mabehewa yamejaa jezi za kijani. Mke wa mjomba alitufungia chapati na maini ya kukaanga. Msimu huo ndio NFL walipoanza kudai mifuko inayoonyesha kilichomo, basi chapati zetu zilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, na mlinzi wa getini akazikagua moja moja, akanusa, akauliza zinauzwa wapi. Mjomba alishika darubini yake ndogo, ya tangu enzi hizohizo za Vermeil.

Chargers walikuwa wametoka kupoteza Jumatatu usiku kwao California, wakakatisha nchi nzima kwa ndege, na sasa walicheza saa saba mchana ambayo kwao ilikuwa saa nne asubuhi. Nikamwambia mjomba, hawa watakufa kwa kasi. Na kwa kweli Eagles wakiwa na mpira walikuwa moto. Kwotabeki wao Michael Vick siku hiyo alirusha yadi 428. DeSean Jackson alikimbia na mpira mmoja hadi tachidauni (kuuvusha mpira mstari wa goli) ya yadi 61, na uwanja ukatikisika hadi nikaisikia zege ikitetemeka chini ya viatu vyangu.

Tatizo ni kwamba hayo yote hayakuchukua muda. Eagles wanafunga, watu wanakumbatiana, na kabla hatujakaa Philip Rivers, kwotabeki wa Chargers, ameshaingia tena. Naye hakuwa na haraka. Alikaa nyuma ya safu yake akinyoosha kidole huku na kule, akizila zile sekunde 40 hadi za mwisho, kisha pasi fupi, yadi sita. Pasi fupi, yadi nane. Antonio Gates akidaka katikati, Eddie Royal akidaka pembeni. Royal peke yake alifunga tachidauni tatu.

Robo ya nne mjomba alinipa darubini.

"Usimwangalie Jackson," akasema. "Waangalie wale."

Nikaelekeza kwa safu ya ulinzi ya Eagles. Mmoja wao, mnene, amelishika jezi lake mapajani kwa mikono miwili, kaptura ina matope ya kijani, mgongo unapanda na kushuka. Rivers alipoanza kunyoosha vidole yule bwana hakunyanyua kichwa mpaka mwenzake alipompiga bega. Kisha mjomba akanisogeza mkono nikaona benchi la Chargers. Mabeki wao walikuwa wamekaa. Taulo shingoni, vikombe vya maji mkononi, mmoja anacheka na jirani yake. Kile nilichokizoea Autzen kilikuwa mbele yangu, ila waliochoka walikuwa wetu.

Mwisho wa mechi hesabu ilionyesha Chargers wamekaa na mpira kwa dakika 40 kati ya 60.

Zikibaki kama dakika mbili, tuko nyuma kwa pointi 3, Eagles wako karibu na mstari wa goli. Vick akaumizwa. Kanuni inataka aliyetibiwa uwanjani atoke kwa shambulizi moja, akaingia Nick Foles, kwotabeki wa akiba, hata hajapasha misuli, pasi yake ikaanguka chini. Alex Henery akapiga mpira kati ya milingoti, 30 kwa 30, saa inasoma dakika 1 na sekunde 51. Watu wakashangilia. Mjomba hakushangilia. "Wamemwachia muda," alisema, akaikunja karatasi ya chapati akaitia mfukoni. Rivers aliutumia ule muda taratibu, na zikiwa zimebaki sekunde 7 Nick Novak akapiga mpira wa yadi 46 ukapita. 33 kwa 30.

Kituoni tulisimama muda mrefu kwa ule umati, na pale ndipo tulipobishana sawasawa. Mjomba alishikilia kwamba kasi ni silaha ya anayemzidi mwenzake nguvu. Chuoni, alisema, Oregon anacheza na vijana nusu yao hawataucheza mpira huu tena baada ya masomo. Huku kila beki unayemwona alikuwa bora wa chuo chake. Ukimkimbiza hachanganyikiwi, na usipomfunga unawarudisha walinzi wako uwanjani hawajamaliza hata maji.

Nilikubali nusu. Nilimwambia kinachokwamisha si kasi yenyewe bali vitu vilivyokuwa vikiibeba. Kwanza uwanja. Upana ni uleule, ila mistari midogo ya katikati inayoamua mpira uanzie wapi chuoni imeachana futi 40, na NFL futi 18 na inchi 6 tu. Chuoni shambulizi likianzia mstari wa kando, upande mmoja unabaki uwazi mkubwa ambao Kelly aliujaza wakimbiaji wake. NFL mpira unaanzia karibu katikati kila mara, ule uwazi haupo. Pili idadi ya watu. Chuo wakati ule kiliruhusiwa wachezaji 85 wenye ufadhili, kocha wa NFL siku ya mechi alikuwa na 46. Tatu muda wa kusoma: mwanafunzi amewekewa ukomo wa saa 20 za mazoezi kwa wiki, lakini beki wa NFL kuangalia mikanda ya mpinzani ndiyo kazi yake ya kutwa. Mabango ya picha yatamchanganya Septemba, Novemba ameshayazoea.

"Sasa hapo umenisaidia mimi," mjomba akasema.

Nikamwambia hapana, maana kocha mwenye akili ataibakiza kasi na kuibadilisha mizigo yake. Ndilo ninaloliamini hata sasa, nikijua yaliyofuata. Msimu ule ule LeSean McCoy, mkimbiaji wa Eagles, aliongoza ligi kwa yadi 1,607 za kukimbia, Foles akarusha tachidauni 27 na kupokonywa mpira mara 2 tu, Eagles wakashinda mechi 10 na kuchukua kundi lao. Kilichomshinda Kelly baadaye, kwa maoni yangu, ni kuwaendesha watu wazima wenye mikataba kama vijana wa bweni: Jackson aliachwa, McCoy akauzwa Buffalo, na Desemba 2015 yeye mwenyewe akafukuzwa ikiwa imebaki mechi moja. Akiwa kocha wa San Francisco mwaka uliofuata alishinda mbili tu. Lakini Eagles walipochukua Super Bowl Februari 2018, Foles akiwa kwotabeki chini ya kocha mwingine, nilihesabu mashambulizi kadhaa ambayo ningeweza kuyachora usingizini, niliyoyaona kwanza Eugene.

Hayo mjomba na mimi hatukuwa nayo pale kituoni. Tulichokuwa nacho ni ratiba. Alhamisi ya wiki hiyohiyo Andy Reid, kocha aliyeondolewa ili Kelly aingie, alikuwa anakuja na Kansas City, na kwa Eagles ingekuwa mechi ya tatu ndani ya siku 11.

"Walinzi wako watakuwa wamelala lini?" mjomba akaniuliza treni ilipoingia.

"Waulize washambuliaji," nikamjibu, "wakipata yadi kumi kila mara na kubaki na mpira, walinzi watalala kwenye benchi."

Aliguna, akanitanguliza mlangoni, akaanza kunieleza jinsi Reid alivyokuwa anapoteza nafasi zake za kusimamisha mchezo.