Kumbukumbu ya mradi wa mizani: kolibaki iliyozolewa kabla ya kazi kwisha

Shangazi yangu hununua mahindi kwa wakulima na kuyauza katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, na miaka yote uzito wa kila gunia umeandikwa daftarini kwa kalamu. Mizani yake ya kielektroniki ina waya wa kuiunganisha na kompyuta, tena ilikuja na maktaba ya DLL (faili la Windows lenye msimbo ambao programu nyingine huutumia) ya biti 32 iliyoandikwa kwa lugha ya C, ambayo msimbo wake asilia haupatikani tena. Ninaandika programu ya C# itakayopokea uzito huo moja kwa moja, ili gunia la kilo 90 lisije likasomeka 60 kwa sababu ya mwandiko wa haraka.

Maktaba hiyo haisubiri kuulizwa. Unajisajili kwake mara moja tu kwa kuikabidhi anwani ya fanksheni yako, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi moja, na kila uzito unapotulia, yenyewe huiita fanksheni hiyo na kuipa namba mbili, yaani uzito kwa gramu na hali ya mizani. Fanksheni inayoitwa hivyo ndiyo kolibaki. Katika C, anwani ni kielekezi cha kawaida. Katika C#, inayoendeshwa chini ya usimamizi wa .NET (mfumo unaoendesha programu za C# na kuitunza kumbukumbu yake), mahali pake panashikwa na delegeti, yaani kitu kinachoiwakilisha fanksheni. Ukiipitisha delegeti kwa DLL, .NET huunda kipande kidogo cha msimbo wa mashine ambacho ni daraja kati ya pande hizo mbili, na anwani ya daraja hilo ndiyo DLL inayoihifadhi.

Wiki ya kwanza programu ilianguka kwenye gunia la kwanza kabisa. Chanzo kilikuwa desturi ya kuitana, yaani kanuni ya jinsi fanksheni moja inavyoiita nyingine. Katika cdecl, anayeita ndiye anayeziondoa thamani kwenye staki, sehemu ya kumbukumbu zinapowekwa thamani za wito. Katika stdcall, kazi hiyo ni ya anayeitwa. Kwenye Windows, delegeti huchukuliwa kuwa stdcall usipotamka vingine, ilhali DLL hii ni ya cdecl, kwa hiyo baiti 8 za namba zile mbili ziliondolewa mara mbili. Niliiwekea delegeti alama ya UnmanagedFunctionPointer yenye Cdecl, na tatizo likaisha siku hiyo hiyo.

Wiki ya pili ndiyo iliyonichosha. Programu ilipima vizuri magunia kumi, mara nyingine thelathini, kisha ikafa ghafla bila hata kuandika kosa kwenye faili lake. Nilibadilisha waya, nikabadilisha kompyuta, na nikapoteza jioni tatu nikiishuku mizani ambayo haikuwa na kosa lolote.

Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja. Nilikuwa nimeliandika jina la fanksheni yangu ndani ya wito wa kujisajili, na kompaila ya C# ikaniundia delegeti papo hapo. .NET huilinda delegeti hiyo kwa muda wa wito wenyewe tu. Wito ukirudi, hakuna kitu upande unaosimamiwa kinachoishikilia, na mzoaji taka wa kumbukumbu, yaani sehemu ya .NET inayoondoa vitu visivyotumika tena, hawezi kuona kwamba DLL bado ina anwani ya daraja lake. Siku anapopita, delegeti huzolewa pamoja na daraja, na gunia linalofuata hupiga simu kwenye nyumba iliyokwisha kubomolewa. Ndiyo maana idadi ya magunia haikutabirika: mzoaji hupita kumbukumbu inapohitaji nafasi, wala hafuati idadi ya vipimo.

Ili nisikisie, niliita GC.Collect, amri ya kumlazimisha mzoaji apite, kwa makusudi baada ya kila kipimo. Programu ikafa kwenye gunia la pili, kila mara. Nikaihifadhi delegeti kwenye sehemu tuli ya darasa, inayobaki muda wote programu inapoendeshwa, kabla ya kuipitisha, nikarudia jaribio lile lile, na ikapima mchana kutwa bila kuanguka. Wapo wanaoshauri kuifunga delegeti isihamishwe kwenye kumbukumbu, lakini hilo halihitajiki, kwa kuwa daraja liko nje ya eneo ambalo mzoaji huhamisha vitu. Kinachotakiwa ni kuishikilia hadi DLL iambiwe iache kuita, na mpangilio huo ni muhimu pia wakati wa kufunga programu: kwanza ninajiondoa kwenye usajili, ndipo ninapoiachilia.

Wiki hii nimeiwekea kolibaki ulinzi wa try na catch, unaoinasa hitilafu papo hapo, kwa sababu hitilafu ya C# haipaswi kuvuka kuingia kwenye msimbo wa C usioielewa. Aidha, DLL huita kutoka kwenye uzi wake yenyewe, yaani mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na ule wa programu, hivyo kolibaki haigusi dirisha la programu, bali huweka uzito kwenye foleni na kurudi mara moja.

Kilichobaki ni kujaribu njia iliyokuja na .NET 5 na C# 9 mwaka 2020, ambapo fanksheni tuli yenye alama ya UnmanagedCallersOnly hupitishwa kwa kielekezi chake halisi, bila delegeti yoyote ya kuzolewa. Programu itabaki ya biti 32 hata hivyo, maana mchakato wa biti 64 hauwezi kuipakia DLL hii. Jumamosi mizani inarudi Kibuye, na shangazi ameomba daftari la kalamu liendelee sambamba kwa mwezi mmoja.